BENDERA YA MMOJA, FAIDA YA MWINGINE

Kijana wa Tandika anaamka saa kumi alfajiri. Anadandia daladala ya kwanza kwenda Kariakoo, anasimama mbele ya duka la jumla, anataja jina lake, anaandikwa daftarini, anapewa mzigo wa suruali. Mfukoni hana kitu. Amechukua mali kauli. Jioni, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Mtoni mpaka Mbagala na kukimbizana na mgambo, anarudisha hela ya mwenye mali. Kinachobaki ni sahani ya ubwabwa na nauli ya kesho. Mwenzake wa Manzese, Tandale au Mwananyamala anafanya hivyo hivyo, tofauti ni njia anayopita.

Ndugu msomaji, jambo hilo la mali kauli ni kongwe kuliko Kariakoo yenyewe. Hamed bin Muhammed, yule tuliyemsoma shuleni kwa jina la Tippu Tip, aliingia bara na bidhaa za kukopa kutoka kwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Akirudi na pembe za ndovu, analipa deni na kukopa tena. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na bunduki. Kijana wa Tandika hana hata meza.

Leo gazeti hili linauliza swali ambalo mwalimu wa historia hakutuuliza: katika zama zote hizo za kutawaliwa, NANI HASA ALIKULA?

MWENYE BENDERA NA MWENYE DAFTARI

Tulifundishwa kuhesabu wakoloni kwa bendera. Kwanza Mwarabu wa Oman, halafu Mjerumani, halafu Mwingereza. Kila mmoja na bendera yake, gereza lake na kiboko chake. Ni kweli, na uchungu wake haujaisha. Lakini hiyo ni nusu ya habari.

Nyuma ya kila mwenye bendera alikuwapo mtu mwingine asiyekuwa na gavana wala askari, ambaye hakutoa hata senti moja ya kujenga ngome. Huyo alikuja na meli, mizani na daftari. Mwenye bendera alipigana, akachukiwa, mwisho akafukuzwa. Mwenye daftari alihesabu faida yake kimya kimya, na bendera ilipobadilika alifungua ukurasa mpya.

MERIKANI

Bibi zetu walikiita kitambaa cha pamba kisichopaushwa "merikani". Jina hilo si la bahati mbaya. Kilitoka Marekani, kwenye viwanda vya jimbo la Massachusetts, kikaletwa na meli za mji mdogo wa bandari uitwao Salem.

Wakati huo pwani hii ilikuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan wa Oman, ambaye kufikia mwaka 1840 alikuwa amehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na aliyefariki mwaka 1856. Dola ilikuwa yake. Lakini tazama bandari ilijaa meli za nani. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 zilihesabiwa meli 41 za kigeni zilizotia nanga Unguja. Kati ya hizo, 32 zilikuwa za Marekani. Marekani haikuwa na koloni hapa. Haikuwa na hata kijiji kimoja.

Mwaka 1833 Wamarekani walikwenda Maskati wakafunga mkataba na Sultani: bidhaa zao zitalipa ushuru wa asilimia 5 tu. Waingereza wakaja kudai wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Mwaka 1837 Marekani ikamweka balozi wake mdogo Unguja, Richard Waters wa Salem, naye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Balozi na mchuuzi katika suruali moja!

Sasa fuata mzunguko wa mali. Mtumwa mweusi alilima pamba kusini mwa Marekani. Pamba ikafumwa Massachusetts, ikaja Unguja, ikapanda mabegani mwa wapagazi mpaka Unyamwezi na kuvuka ziwa. Huko ikabadilishwa na pembe za ndovu. Pembe zikarudi pwani kwa mabega yale yale, nyingine zikaishia Connecticut, kwenye viwanda vya kuchonga vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Hapa pwani watu walichimba sandarusi, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe ardhini, wakiwemo Wazaramo wa nyuma ya mji wetu huu. Sandarusi ikapelekwa Salem kusafishwa ili itengenezwe vanishi ya kung'arisha samani za watu.

Mmoja wa waliotajirika kwa biashara ya Unguja na bandari nyingine ni John Bertram wa Salem. Alitoa fedha za kuanzisha hospitali ya mji wake, na mwaka 1887, baada ya kifo chake, jumba lake likatolewa liwe maktaba ya umma. Watu wa Salem wanasoma vitabu ndani yake hadi leo. Hatuwaonei wivu. Tunauliza tu: mchimba sandarusi wa Uzaramo alijengewa nini?

Mwaka 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wao kwa wao, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Sisi tulibaki na jina la kitambaa. Faida ilihamia kwa mgeni mwingine.

FORODHA YA KUKODISHA

Hapa, kijana, kaa vizuri kwenye kiti, maana ndipo penye utamu.

Sultani hakukusanya ushuru wake mwenyewe. Aliikodisha forodha. Tajiri anakubaliana naye kiasi fulani cha fedha kwa mwaka, halafu anakusanya ushuru wote wa bandarini. Kinachozidi ni chake. Kwa sehemu kubwa ya nusu karne kuanzia miaka ya 1830, forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, India. Mwaka 1876 aliichukua Taria Topan kwa muda.

Tazama mtego ulivyotegwa. Aliyejua hasa mali ngapi imeingia na ngapi imetoka ni mwenye kukodi, si Sultani. Ikulu ikipungukiwa, inakwenda kukopa kwa huyo huyo. Deni linakua, na mwenye deni hawezi kumfukuza anayemdai. Kumbe Sultani, mwenye bendera, majumba na mashua, akawa mdaiwa wa kodi yake mwenyewe! Naye Waters, balozi wa Marekani, akafanya urafiki wa biashara na Jairam, mpaka wafanyabiashara wengine wa Kimarekani na Kiingereza wakalalamika kwamba wanabaniwa.

Anayekukusanyia ushuru, akakukopesha, na daftari akabaki nalo yeye, huyo si mtumishi wako tena. Huyo ndiye bosi wako.

KAURI ZA HAMBURG

Wajerumani nao hawakuanza na bunduki. Mwaka 1849 kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua ofisi Unguja. Ilinunua nini? Kauri! Zile simbi zinazookotwa ufukweni wakati wa maji kupwa, ambazo watoto wa pwani huchezea. Meli za Hamburg zilizibeba kwa shehena kubwa, zikazunguka Afrika mpaka pwani ya Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha halali, wakanunulia mafuta ya mawese ya kupeleka viwandani Ulaya.

Yaani waliokota fedha mchangani kwetu, wakaenda kuzitumia kwa ndugu zetu! Kauri zikafurika Afrika Magharibi, thamani ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake kwa kauri akajikuta na chungu cha makombe. Hamburg haikuwa na koloni Unguja wala Lagos. Haikulihitaji.

Koloni lilikuja baadaye. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwapa machifu karatasi watie alama. Mwaka 1885 Kaizari akampa hati, na mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani mark milioni 4 kwa pwani hii. Wenye pwani hawakuulizwa. Mwaka 1898 ikaja kodi ya kibanda, rupia 3. Umesikia? Rupia! Wajerumani walipofua fedha ya koloni lao hawakutumia mark. Soko lote la pwani lilikuwa likihesabu kwa rupia ya India, nao wakafuata soko. Bunduki ya Mjerumani, fedha yenye jina la Kihindi, na jasho la Mmatumbi. Mwaka 1905 jasho hilo likageuka damu, vita vya Majimaji.

FARANGA MOJA KWA MWAKA

Mjerumani aliposhindwa vita, Mwingereza akaichukua Tanganyika kwa dhamana ya mataifa. Mashamba ya Wajerumani yakapigwa mnada. Walionunua hawakuwa Waingereza peke yao. Wahindi na Wagiriki walikuwa na fungu lao, na Wagiriki wakawa wakubwa wa mkonge. Bei ya mkonge iliamuliwa masoko ya Ulaya. Mkataji wa mkonge alilipwa kwa kipande.

Mbelgiji je? Yeye alikuwa na Kongo yake. Lakini mwaka 1921 Mwingereza alitia naye saini mkataba wa kumpa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, pamoja na haki ya kupitisha mizigo yake kwenye reli ya kati, reli ambayo mababu zetu waliichimbia udongo. Mkataba ulikuwa wa MILELE. Kodi? FARANGA MOJA KWA MWAKA. Hapo bandarini pakaitwa Belbase. Tulipopata uhuru, Tanganyika ilikataa kuutambua mkataba huo, na Mwalimu Nyerere akaeleza msimamo ambao mpaka leo wanafunzi wa sheria duniani wanausoma: taifa huru halifungwi na kilichouzwa na mtu asiyekuwa mwenye mali.

Kumbukeni sentensi hiyo. Tutairudia chini.

MSAADA SI HAKI

Nani kati yetu hajapeleka mgonjwa wodi ya Sewahaji pale Muhimbili? Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Alikuwa akiwapatia wazungu wa misafara bidhaa na wapagazi, na alitoa mali yake kujenga hospitali ya watu wa mji huu. Nani hajapita Arnatoglo, Mnazi Mmoja? Jina hilo ni la George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha za kujenga ukumbi huo. Humo ndimo mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na mwaka uliofuata ikazaliwa TANU.

Tunawashukuru waliotoa, maana wapo wengi waliochuma na kuondoka bila kuacha hata benchi la kukalia. Lakini tusichanganye mambo. Hospitali ya hisani ni shukrani, na shukrani hutolewa tajiri akipenda. Kodi na mshahara wa haki ni DENI, hulipwa apende asipende. Taifa linaloishi kwa shukrani za matajiri litapiga nao picha siku ya kupokea madawati, halafu litarudi nyumbani bila kuuliza faida ya mwaka ilikuwa kiasi gani.

TUSIKOSEE ADUI

Hapa tunataka kuwa wazi, maana tunawajua vijana wetu na tunaujua mji wetu. Mwaka 1993 kulikuwa na mikutano ya hadhara ambako watu wenye asili ya Kiasia walitukanwa jukwaani, na vijana wakatoka hapo wakapiga mawe magari. Je, bei ya unga ilishuka kesho yake? Je, kuna mkataba uliosomwa hadharani kwa sababu ya kioo kilichovunjwa? Karani wa Kihindi aliyekuwa akirudi nyumbani Upanga alipata jiwe la kichwa, na wakubwa wenyewe wakalala salama.

Jairam Shivji hakuikodi forodha kwa sababu ni Mhindi. Aliikodi kwa sababu Sultani aliikodisha. Wamarekani hawakulipa asilimia 5 kwa ujanja wa rangi yao, walilipa hivyo kwa sababu mtawala alitia saini. Misafara iliongozwa na Waswahili wenzetu, na watemi wa njiani walichukua hongo yao ya nguo na kufungua njia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni hali mpaka mwenyeji mmoja amfungulie mlango wa jikoni, naye huyo mwenyeji hubakiwa na mfupa mdomoni.

Adui si rangi. Adui ni MKATABA WA GIZANI.

SASA TUJE NYUMBANI

Julai 2025 serikali ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na saluni. Vijiweni watu walipiga makofi, na sisi hatukununa. Kijana wa Temeke kushindana na mgeni kwenye kibanda cha kutengeneza simu ni aibu ya taifa.

Lakini tuulizane kiutu uzima. Amri hiyo imelinda kaunta. Kontena imelindwa na nani? Jairam hakuuza nguo kibandani. Waters hakutembeza merikani kichwani. Wakubwa wale walishika vitu vitatu: MKOPO, MELI na FORODHA. Kaunta waliwaachia wadogo, wa rangi zote, wagombane. Leo meli kubwa zinazoleta mizigo yetu ni za makampuni ya nje. Mkopo wa benki kijana wa Mbagala anausikia redioni. Na wapo wananchi wenzetu wanaoazimisha majina yao kwenye leseni ili mgeni auze nyuma ya pazia, wao wakilipwa ya soda. Amri bila daftari ni changa la macho.

Na bandari? Mwaka 2000 kitengo cha makontena cha Dar es Salaam kilikodishwa kwa TICTS, ambayo iliondoka mwishoni mwa 2022. Oktoba 2022 serikali ilisaini makubaliano na Dubai. Bunge likayapitisha tarehe 10 Juni 2023 na nchi ikawaka moto kwa mjadala. Agosti mwaka huo baadhi ya waliopinga walikamatwa wakatajiwa uhaini, kisha wakaachiwa. Oktoba 2023 DP World ikasaini mkataba wa miaka 30 wa gati namba 4 hadi 7. Mei 2024 kampuni ya Adani ya India nayo ikasaini wa miaka 30 wa gati namba 8 hadi 11.

Hatusemi kwamba makampuni hayo ni Jairam Shivji. Zama zimebadilika, na ushuru wa forodha leo unakusanywa na TRA. Hatusemi pia kwamba mgeni asije. Bandari inayochelewesha meli inamuumiza mwenye suruali za mali kauli kabla ya kumuumiza waziri. Tunachosema ni kwamba swali la mwaka 1840 bado liko mezani: DAFTARI ANALO NANI? Serikali ilitueleza kwamba mikataba ni mizuri. Inawezekana. Basi chapisheni kila ukurasa, kwa Kiswahili, uuzwe kama gazeti hili, kijana wa Keko ausome akiwa anasubiri abiria wa bodaboda. Mtu hauziwi mbuzi kwenye gunia halafu akaambiwa asifungue kwa sababu mbuzi amenona.

Kama Mwalimu aliweza kusema kwamba hatufungwi na kilichouzwa na asiyekuwa mwenye mali, basi mwenye mali ni nani leo? Ni mwananchi. Na mwenye mali ana haki ya kusoma hati ya nyumba yake.

TUNACHODAI

Kwanza, kila mkataba wa rasilimali, bandari, reli na madini uchapishwe wote kabla Bunge halijaupigia kura. Muhtasari hautoshi.

Pili, mwenye kampuni ajulikane kwa jina. Anayeazimisha leseni na anayeazimwa washitakiwe wote wawili.

Tatu, fedha za mikopo ya vijana katika halmashauri za Kinondoni, Temeke, Ubungo, Ilala na Kigamboni zitangazwe ukutani kila robo mwaka: nani kapata, kiasi gani, kwa biashara gani. Kijana akipata mtaji wake mwenyewe, mali kauli itakuwa hiari, haitakuwa kitanzi.

Nne, na hili ni la kwetu sisi wa upinzani: tusijifanye malaika. Siku tukikabidhiwa funguo za nchi, madai haya yatukute mlangoni. Chama kinachodai uwazi kikiwa nje na kuficha mafaili kikiwa ndani ni bendera nyingine tu juu ya mlingoti ule ule.

Na wewe kijana uliyenunua gazeti hili kwa hela ya jasho, siku mgombea akija Tandale au Temeke Mwisho na kofia na fulana, usimwulize chama chake kina rangi gani. Mwulize kontena ni la nani, mkopo ni wa nani, na forodha inaingiza kiasi gani. Akibabaika, mrudishie fulana yake.

Mababu zetu walibeba pembe za ndovu bila kujua kuna kitu kinaitwa piano. Sisi hatuna kisingizio hicho. Bendera tunayo tangu 1961. SASA TUNATAKA DAFTARI!